Theluji ya karatasi, mvua ya Desemba: mapambo ya Krismasi yasiyonywea

Chukua koni moja ya mpaini, lile tunda gumu lenye magamba, iliyokauka na kufunguka vizuri. Itumbukize kwenye bakuli la maji baridi, kisha kapike chai. Ukirudi baada ya saa moja au mbili utaikuta imejifunga, magamba yamelaliana kama vigae. Itoe, iweke karibu na jiko, nayo itafunguka tena. Kila gamba lina tabaka mbili, na ile ya nje hunywa maji na kutanuka kuliko ya ndani, kwa hiyo gamba zima hupinda kuelekea katikati. Likikauka, hurudi lilikokuwa. Hewa yenye unyevu hufanya kazi ile ile ya bakuli, ila kwa polepole: koni uliyoitundika tarehe 15 imetanuka kama ua, mkesha wa Krismasi imekuwa gunzi.

Mapambo mengi tunayoyaiga yametoka nchi ambako Desemba ni theluji nje, na ndani ya nyumba kuna moto wa kutwa unaoikausha hewa mpaka midomo inapasuka. Huko karatasi inabaki kakamavu, gundi inashika kwa dakika chache, unga wa chumvi unakuwa jiwe. Huku kwetu, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Mbeya na Tukuyu, Desemba ni mvua. Makete na Njombe wanaijua sakitu ya Juni na Julai inayounguza viazi shambani, lakini Krismasi haiji na sakitu, inakuja na matope mlangoni na nguo zisizokauka kwenye kamba. Ukifuata maelekezo ya wenye theluji neno kwa neno, kazi itaharibika, na utadhani mkono wako ndio mbovu. Mkono hauna kosa.

Kinachofuata ni namna ya kuifanya kazi ile ile ukiwa na mvua mlangoni. Pamba ya hospitali iliyonyofolewa na kumwagwa juu ya matawi hatuna la kuisemea, isipokuwa kwamba ikikaa karibu na mshumaa inashika moto haraka kuliko unavyodhani.

Koni: kazi ya Oktoba inayoonekana Desemba

Anayeishi Mufindi, karibu na shamba la miti la Sao Hill, au Rungwe upande wa Kiwira, hana haja ya kununua pambo hili. Mpaini uliopandwa kwa wingi huku ni ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia, ambao kitaalamu huitwa Pinus patula. Koni zake hukaa kwenye tawi kwa vichala, ndefu kidogo, zimepinda upande mmoja, na nyingi hubaki zimefungwa hata baada ya kukomaa kwa sababu utomvu umeyaunganisha magamba. Mti huo unasubiri joto ndipo uachie mbegu. Ndiyo maana mtu huokota koni nzuri, akaianika wiki nzima, isifunguke, akaitupa akidhani ni changa.

Okota zilizoanguka au zilizo kwenye matawi yaliyokwisha kupogolewa, usiingie shambani na panga. Wakati mzuri ni Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza. Zianike juu ya bati siku tatu hadi tano. Zilizofunguka zitenge. Zilizogoma ziweke kwenye sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita mbili, funika, weka juu ya mkaa mdogo na makaa machache juu ya mfuniko, kama unavyooka keki. Baada ya nusu saa mpaka dakika 45 utasikia vidonge vya sauti, tak, tak: ni magamba yanaachiana. Usiongeze moto ili kuharakisha. Utomvu wa mpaini unawaka, na sufuria iliyofunikwa ikijaa moshi wake, ukiifunua mbele ya mwali utajuta. Fanyia kazi hii nje, mbali na paa la nyasi.

Zikishafunguka, zikung'ute mbegu na vumbi, kisha zipake vanishi ya mbao tabaka mbili, ukiacha siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Brashi ifike mpaka kwenye kina cha magamba, maana nje peke yake hakusaidii. Vanishi haiizuii koni kujifunga milele, inaichelewesha tu, na wiki tatu za kuchelewa ndizo unazozihitaji. Kama una uhakika nyumba yako inavuja unyevu, tumbukiza kila koni kwenye nta iliyoyeyuka badala ya vanishi. Haing'ai sana, lakini nta ikishaganda kwenye mashina ya magamba huyashika pale pale yalipo.

Shada la mlangoni lenye kipenyo cha sentimita 30 linakula koni kama 40, safu mbili. Tumia waya wa kufungia nondo, ule mweusi laini, kwa duara lenyewe (zungusha mara nne) na kwa kufungia pia. Kata vipande vya sentimita 20, kila kimoja kipite chini ya safu ya mwisho ya magamba, kizunguke, kisokotwe mara tatu nyuma ya koni, ndipo kifungwe kwenye duara. Watu wengi wanagundisha. Gundi ya moto inashika siku ya kwanza, kisha koni inajifunga na kujifungua mchana na usiku, na kila ikijongea inabandua gundi kidogo, mpaka siku moja unakuta nusu ya shada iko juu ya zulia la mlango. Waya unajongea nayo.

Theluji yenye pembe sita

Chembe ya theluji ina pembe sita. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembesita, na kila tawi linalokua linafuata mpango huo. Mwanafalaki Johannes Kepler alijiuliza kwa maandishi mwaka 1611 kwa nini ziwe sita, na Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, Marekani, alianza kuzipiga picha kupitia hadubini mwaka 1885 na akaendelea mpaka akafikisha zaidi ya 5,000. Katika maelfu hayo yote hakuna yenye pembe nane. Lakini ingia darasa lolote la chekechea mwezi wa kumi na mbili: ukuta mzima una nane, kwa sababu karatasi ilikunjwa nusu, nusu tena, nusu tena. Inapendeza, ila si theluji.

Mkunjo wa sita ni huu. Kata karatasi ya fotokopi ya gramu 80 iwe mraba wa sentimita 15. Kunja kona kwa kona upate pembetatu. Tafuta katikati ya ule upande mrefu (bana kidogo tu kwa kidole uache alama, usikunje). Sasa upande wa kulia uje juu ya kushoto na wa kushoto juu ya kulia, yote miwili ikizungukia ile alama, kiasi kwamba pembe ya chini imegawanyika sehemu tatu sawa. Kila sehemu ni nyuzi 60. Ukiona ncha mbili za juu hazijalingana, legeza urekebishe kabla hujakandamiza, maana kosa la hapa halitengenezeki kwa mkasi. Kisha kunja nusu mara moja zaidi. Umeshika kabari nyembamba yenye tabaka 12. Kata sehemu ya juu kwa mshazari ili kuondoa masikio yaliyozidi, halafu anza kuchonga pembeni.

Chonga kutoka pande zote mbili kwa zamu lakini usiache mikato ikutane. Upande wenye mkunjo mmoja mnene ndio uti wa kila tawi, uache na upana usiopungua nusu sentimita. Tabaka 12 ni nzito kwa mkasi butu: mkasi unasukuma karatasi za ndani pembeni, na ukifunua unakuta matawi mawili manene na manne membamba. Afadhali wembe mpya juu ya ubao. Karatasi za mkono, kama ile ya kinyesi cha tembo inayotengenezwa na Neema Crafts pale Iringa, ni nzuri kwa kadi za salamu, lakini kwa mkunjo huu ni nene mno.

Ukiitundika dirishani kama ilivyo, kwa siku mbili itakuwa kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Suluhisho ni nta. Chukua sufuria pana ya zamani, tia maji ya moto yasiyochemka, weka ielee ndani yake sahani ya bati au chombo kingine bapa chenye upana wa sentimita 17 hivi, na uyeyushe humo gramu 250 za mishumaa. Mishumaa ya dukani huyeyuka kwenye nyuzi joto 55 hadi 60 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Usiweke chombo cha nta moja kwa moja juu ya moto, hata kwa dakika moja. Nta iliyopata moto kupita kiasi inawaka yenyewe, na ukimwagia maji inalipuka.

Shika chembe yako kwa koleo dogo la nyusi, izamishe sekunde mbili au tatu, inyanyue, iache idondoke, kisha itikise mara moja. Nta ikiwa ya moto vya kutosha, karatasi inageuka kuwa ya kupenyeza mwanga kama barafu nyembamba. Ikiwa imepoa, inashika ukungu mweupe mzito wenye madonge. Ukiona madonge ongeza maji ya moto chini, usiongeze nta. Nta ya nyuki, ambayo Mufindi na Iringa haipatikani kwa shida, inayeyuka juu kidogo, nyuzi 62 hadi 64, na inatoa rangi ya asali. Kwa theluji tunapendelea mshumaa mweupe. Kwa nyota za karatasi ya khaki, nta ya nyuki haina mpinzani, na nyumba inanukia.

Karatasi iliyolowa nta ni utambi. Isikae karibu na mshumaa wala taa ya kibatari, na isifungwe kwenye balbu.

Ya kufuma kwa kroshia

Nyumba zenye vitambaa vya makochi zina fundi tayari, anachohitaji ni hesabu ya sita tu. Anza na mnyororo wa vishimo sita uliounganishwa, mzunguko wa kwanza uwe na nguzo 12, na kila mzunguko unaofuata ugawanyike kwa sita. Uzi uwe wa pamba. Uzi wa sweta unaouzwa kwa vibunda, ambao mwingi ni wa plastiki, haunywi wanga, kwa hiyo chembe inabaki imelegea hata uichovye mara tatu.

Kuifanya chembe iwe ngumu ndiko wengi wanakoharibu. Maelekezo ya Ulaya yanasema sukari na maji. Huku sukari inaleta mambo mawili: sisimizi, na unyevu. Asubuhi chembe ni ngumu, jioni inanata. Tumia wanga wa muhogo: kijiko kimoja cha chakula kilichopondwa kwenye maji baridi kidogo, kisha mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uwe uji mwepesi wa kung'aa. Ama gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa sehemu moja ya maji. Chovya, kamua, tandaza juu ya boksi lililofunikwa nailoni, vuta kila ncha mahali pake.

Sasa pini. Pini za kawaida za cherehani zikikaa usiku mzima kwenye uzi mbichi zinashika kutu, na kutu ikiingia kwenye uzi mweupe haitoki. Utakuwa na theluji yenye madoa sita ya kahawia, yamepangika vizuri kabisa. Tumia vijiti vya meno. Vinapenya boksi, havina kutu, na vinapatikana kila duka.

Kuhusu kukausha: nyumba yenye jiko la kuni ina mahali pazuri kuliko oveni, nako ni dari ya jikoni pale inapowekwa mbegu ya mahindi. Koni ziweke huko bila wasiwasi. Vitu vyeupe usiviweke, moshi utavipaka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hivyo tumia jiko la mkaa lililokwisha kukolea, umbali wa mita moja, dirisha likiwa wazi. Chumba kilichofungwa chenye mkaa unaowaka kinaua watu kila msimu wa baridi, na chembe ya theluji haina thamani hiyo.

Nyota ya miale 25

Hii ndiyo kazi kubwa, na kwa maoni yetu ndiyo pambo pekee kutoka nchi za theluji lenye haki ya kuitwa la kwetu. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakitoka kwenye kanisa ambalo makao yake ya asili ni Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani. Nyota ya Herrnhut ilianza miaka ya 1830 kwenye shule ya bweni ya Wamoraviani huko Niesky, kama zoezi la jometri. Huwashwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na kukaa mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Asili yake darasani inaonekana: kinachotakiwa ni vipimo sahihi kuliko kipaji.

Umbo la katikati lina nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8, kingo zote zikiwa na urefu mmoja. Mraba mmoja unaachwa wazi kwa ajili ya waya na taa. Kwenye nyuso 25 zilizobaki unasimamisha miale 25, yaani 17 yenye kitako cha mraba na 8 yenye kitako cha pembetatu. Ukitumia kitako cha sentimita 5 na mwale wenye ukingo wa sentimita 15, nyota nzima inafika sentimita 41 kutoka ncha hadi ncha, saizi nzuri ya sebule ya kawaida.

Mahitaji: manila nyeupe mbili za sentimita 84 kwa 59 (nunua ya tatu ya makosa), gundi nyeupe, rula ya chuma, wembe, kalamu ya wino iliyokwisha, vibanio vya nguo kama 20, taa ya LED ya wati 3 hadi 5.

Usichore mwale mara 25. Tengeneza violezo viwili kwa boksi gumu, uvifuatishe. Bikari ya shule haifunguki vizuri kufikia sentimita 15, kwa hiyo kata kipande cha kadi, toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 15 kamili, pini upande mmoja na penseli upande wa pili. Chora tao. Juu ya tao hilo pima sentimita 5 kwa rula, kutoka nukta hadi nukta, mara nne. Unganisha kila nukta na kitovu kwa mstari, na nukta zenyewe kwa mistari iliyonyooka, si kwa tao. Umepata feni ya pembetatu nne nyembamba. Ongeza ulimi wa kugundisha wa sentimita 1 kwenye ukingo mmoja wa pembeni, na ulimi wa sentimita 1 chini ya kila kitako, kona zake zikatwe mshazari. Hicho ni kiolezo cha mraba. Kile cha pembetatu ni hivyo hivyo, ila unapima mara tatu tu. Feni za mraba zinaingia nne kwa safu kwenye upande mrefu wa manila, safu tatu kwenda chini, na hivyo manila mbili zinatosha miale yote.

Kabla ya kukata, pitisha ile kalamu isiyo na wino kwenye kila mstari wa kukunja, ukibana rula. Isikate, iache mfereji tu. Manila iliyokunjwa bila mfereji inapasuka nyuzi na mkunjo unayumba, na mwale unaokosa unyoofu unaonekana ukiwa umbali wa mita tano. Kunja, paka gundi kwenye ulimi wa pembeni, funga, bana ncha kwa vidole ukihesabu mpaka thelathini. Kila mwale una dakika kumi, kwa hiyo hapa panakwenda jioni mbili. Watoto wanaweza kukunja, mtu mmoja tu akate.

Usahihi unaodaiwa ni huu: kiunoni mwa nyota kuna mzunguko wa miraba minane. Ukizidisha milimita mbili kwenye kila kitako, mzunguko unakupa kosa la milimita 16, na hakuna gundi itakayoficha.

Kuunganisha kuna mpangilio. Anza na mwale mmoja wa mraba unaoangalia chini. Uzungushie safu ya pili: kwenye kila ukingo wake gundisha mwale wa mraba, na kwenye mianya minne iliyobaki ingiza ya pembetatu. Kisha kiuno, miraba minane mfululizo. Kisha safu ya juu kama ile ya pili, minne na minne. Juu kabisa panabaki shimo la mraba. Ndimi za vitako zinaingia ndani na kugundishwa mgongo kwa mgongo, kila jozi ibanwe na kibanio cha nguo mpaka ikauke. Hapa mvua inadai subira yako: gundi inayoshika kwa dakika kumi kwenye kiangazi inataka saa nzima, na ukiondoa kibanio mapema ndimi zinateleza bila wewe kujua, nyota inageuka kuwa yai. Gundisha safu moja kwa jioni moja. Kwa safu ya juu vidole havitafika ndani vizuri. Hapo achana na vibanio, zungushia mpira wa pesa kwenye miale jirani ili ivutane, na upake gundi kwa kijiti kupitia lile shimo.

Balbu ya zamani ya wati 60 inaunguza manila, hakuna mjadala. LED ndogo tu, isiguse ukuta wa ndani, na uzito wa nyota ubebwe na uzi wa katani uliofungwa kwenye msalaba wa kijiti cha mwanzi ndani ya shimo. Waya wa umeme usibebe chochote. Kwa siku za umeme kukatika, taa ndogo ya sola inaingia vizuri.

Nyota ya manila ni ya ndani. Ukitaka ya barazani, tumia violezo vile vile kwenye karatasi ngumu za plastiki zinazotumika kufunga ripoti kwenye maduka ya fotokopi. Gundi nyeupe haishiki plastiki, kwa hiyo ni stepla, pini mbili kwa kila ulimi. Inavuja mwanga kwenye maungio kidogo, lakini mvua ya Tukuyu haiipati.

Vidogo vidogo

Unga wa chumvi (vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji robo tatu ya kikombe) uacheni jamani. Chumvi inanywa unyevu wa hewa, na kufika mwaka mpya malaika wenu wanatoa jasho. Badala yake: kikombe kimoja cha baking soda, nusu kikombe cha wanga wa mahindi wa kopo (cornflour, si sembe), robo tatu kikombe cha maji. Pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka ufanane na viazi vilivyopondwa, funika kwa kitambaa kibichi upoe, sukuma unene wa nusu sentimita, kata. Unatoka mweupe kuliko chumvi. Ukikausha kwa haraka unapasuka, geuza kila baada ya saa chache.

Mipira ya uzi inayozungushwa kwenye puto: puto linanywea usiku kwa sababu hewa ya ndani ikipata baridi inasinyaa, na uzi haujakauka, basi mpira unabonyea. Gundisha asubuhi, si jioni, na puto usilijaze kupita saizi ya chungwa.

Vipande vya kitenge huombwa kwa fundi cherehani, ambaye mara nyingi anafurahi kuviondoa. Kabla ya kushona nyekundu juu ya nyeupe, lowesha kipande, kibane ndani ya tishu nyeupe kwa dakika tano. Tishu ikipata rangi, kitenge hicho kifuliwe kwanza mpaka maji yatoke safi.

Milulu, ile inayosukiwa vikapu vya Iringa, inafaa sana kwa vikapu vya kutundika vya sentimita 6 au 7. Inalazimika iwe na unyevunyevu ndipo isukike bila kuvunjika, kwa hiyo kikapu kikimalizika kina maji ndani yake. Kisipokaushwa siku mbili tatu juani, au juu ya dari ile ya jikoni, kinaota vidoa vyeusi vya ukungu kwenye mashono, ndani, mahali usipopaona.

Tawi la msaipresi linalosimamishwa kama mti lipewe ndoo ya mchanga uliolowa, likatwe upya sentimita mbili chini kabla ya kuingizwa, na liongezwe maji kila siku mbili.

Tarehe 6 Januari mvua bado ipo, tena nzito. Usiyafunge mapambo siku hiyo hiyo yaliposhushwa. Yaache usiku mmoja karibu na jiko, ila yale ya nta yakae mbali nalo. Kisha tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ile ya rangi au ya mafuta, iliyooshwa na kukauka. Kaanga vikombe viwili vya mchele mkavu bila mafuta mpaka uanze kunukia, uupoze ndani ya sufuria iliyofunikwa, utie kwenye soksi safi, funga fundo, weka chini ya ndoo. Koni juu yake, kisha za kufuma, theluji za nta juu kabisa zikitenganishwa na karatasi. Nyota haiingii kwenye ndoo: itundike kabatini ndani ya mfuko wa nguo. Fungua ndoo mara moja mwezi Machi, ukaange ule mchele upya, uurudishe.